Mipira ya gari ya theluji kwenye mvua ya masika: namna ya kuitambua, kuipima na kuibadilisha

Gari nyingi zinazokwenda njiani Unguja na Pemba zimetumika Japani kwanza. Huko upande wa kaskazini, Hokkaido, Tohoku na pwani ya Niigata, theluji huanguka kila mwaka, na wenye gari hubadilisha mipira mara mbili: kiasi cha Novemba au Disemba hufunga ya baridi, na Machi au Aprili hurudisha ya kawaida. Gari ikipelekwa mnadani katikati ya baridi, huondoka na mipira iliyokuwa nayo siku hiyo. Inapanda meli, inateremshwa bandarini, inaoshwa, na anayeinunua anakuta mipira minene yenye kashata nyingi, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa njia. Anapiga hesabu kwamba mwaka huu gharama ya mipira haimo. Mipira ya namna hiyo huja pia peke yake ndani ya makontena ya mitumba, ikapangwa kwenye vibanda vya mafundi pamoja na nyengine zote, na mnunuzi huchagua kwa kutazama unene.

Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu haufai kwa mvua zetu, hata ukiwa mpya, hata ukiwa wa kampuni yenye jina kubwa. Kwenye lami ya moto iliyorowa hauishiki njia kama mpira wa kawaida wa bei nafuu, na mwenye gari hana habari kwa sababu kiangazi chote umemchukua salama. Kwa hiyo kazi hii ifanye Februari, kabla masika ya Machi hadi Mei hayajaanza. Ikikupita, ifanye Septemba kabla ya vuli. Inataka nusu saa, tochi, rula ya mtoto wa skuli na kijiti cha kiberiti.

Kwa nini hauishiki lami yetu

Ni vizuri kuelewa sababu, maana ukishaielewa hutohitaji kukariri hatua zilizobaki.

Mpira wa kawaida ukipata baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi huanza kukakamaa. Mpira wa baridi umechanganywa kwa namna ya kubaki laini hata maji yanapoganda. Wajapani wamekwenda mbali zaidi katika ulaini huo, na kuna historia yake. Zamani walitumia mipira yenye misumari ya chuma. Misumari ilichimba lami, vumbi likajaa hewani katika miji kama Sendai na Sapporo, watu wakaugua, na mwisho wa mwaka 1990 watengenezaji wa Japani wakaacha kuitengeneza. Ikabidi ulaini wa mpira wenyewe ufanye kazi ya misumari. Bridgestone walishatoa Blizzak mwaka 1988, mpira wenye vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunyonya utando mwembamba wa maji juu ya barafu. Kampuni nyengine zikafuata kwa njia zao. Mipira hiyo ndiyo inayoitwa stadilesi, yaani isiyo na misumari, na ndiyo inayotufikia sisi.

Sasa ulete mpira huo Zanzibar. Asubuhi ya Julai, wakati wa kipupwe, ndiyo baridi yetu kubwa, na hata hapo tuko juu ya nyuzi 20. Mchana wa kaskazi lami hupita nyuzi 50. Mpira uliokusudiwa kuwa laini kwenye barafu hapa hulegea kupita kiasi. Ukishika breki, kashata zake huinama na kuyumba badala ya kusimama imara na kuikamata njia. Gari inakuwa kama inachelewa kukuitikia, iwe unakata kona au unasimama.

Halafu yako maji yenyewe. Kwenye barafu maji ni utando tu, na kinachotakiwa ni mpira mwingi ugusane na njia. Kwa hiyo stadilesi za Japani hupewa mifereji michache au myembamba, na juu ya kila kashata huchanjwa chale nyingi nyembamba kama nywele ili kingo zake ziing'ate barafu. Masika hayaleti utando. Yanaleta dimbwi la kina cha kifundo, yanaleta maji yanayokatiza njia kwa kasi. Hapo kinachotakiwa ni mifereji mipana ya kuyasukuma maji pembeni, na chale za nywele haziwezi kazi hiyo. Mpira unashindwa kuyatoa maji, maji yanajipenyeza chini yake, na gari inaelea.

Mpira wenyewe hauna kosa. Kwenye theluji na barafu ya huko Sendai, stadilesi husimama vizuri kuliko mpira wa kiangazi. Mipira ya baridi ya Ulaya nayo, inayotengenezwa zaidi kwa mvua baridi na theluji iliyoyeyuka, ina mifereji mikubwa zaidi na hustahimili maji kuliko ya Japani, lakini kwenye joto hulegea vile vile. Kila mpira una hali ya hewa yake, na ya kwetu haimo.

Tuitie hesabu kidogo. Ukiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari inakula kama mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki imeshakuondolea mita 17. Kuanzia hapo, mpira unaoshika vizuri lami iliyorowa, tuseme mshiko wa 0.6, utaisimamisha gari kwa mita 24. Mshiko ukishuka hadi 0.4, zinahitajika mita 35. Ukizitazama mita 11 hizo kwenye karatasi ni kidogo. Lakini pale gari ya kwanza iliposimama kabisa, ya pili inapita ikiwa bado na mwendo wa kilomita 35 kwa saa, na mbele yake yuko mtoto wa skuli anayevuka akikimbia mvua.

Hatua ya kwanza: soma ubavu wa mpira

Simamisha gari mahali palipo sawa, kata sukani hadi mwisho ili mpira wa mbele utokeze nje, chukua kitambaa cha maji ufute ubavu. Unatafuta mambo manne.

Kwanza neno STUDLESS. Mipira ya baridi ya Japani huandikwa hivyo kwa herufi kubwa, mara nyingi karibu na jina la mpira. Ukilikuta, suala limekwisha: huo ni wa theluji.

Pili, mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Huo ni alama ya mpira uliofaulu jaribio la theluji. Mipira ya baridi ya miaka ya karibuni huwa nao, lakini hata baadhi ya mipira ya misimu yote huwekewa, kwa hiyo ukiukuta peke yake usikate hukumu, endelea kutazama.

Tatu, herufi M+S, maana yake tope na theluji. Hapa watu wengi huchanganyikiwa. M+S peke yake haithibitishi kwamba mpira ni wa baridi. Mipira mingi ya gari kubwa za shamba, ile yenye kashata nene za kupita njia mbovu, huandikwa M+S na kwenye joto haina neno.

Nne, herufi ya mwisho kwenye kipimo cha mpira. Tuchukue Noah. Nyingi hufungwa 195/65R15, na baada yake utaona 91 na herufi. Ikiwa ni H, mpira umepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. S ni 180. Stadilesi za gari ndogo mara nyingi huandikwa Q, yaani 160. Huna haja ya kwenda mwendo huo kati ya Mjini na Nungwi, bila shaka, lakini Q kwenye mpira wa gari ndogo ni dalili ya kukufanya utafute neno STUDLESS kwa bidii zaidi.

Majina nayo husaidia. Ukisoma Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, Ice Navi au X-Ice, usiendelee kujiuliza.

Tazama mipira yote minne na wa akiba. Si ajabu kukuta miwili ya mbele ni ya kawaida na miwili ya nyuma ni ya theluji, na hiyo ni hali mbaya kuliko kuwa na minne ya theluji. Nitaieleza mbele.

Hatua ya pili: utazame uso wake kwa karibu

Ikiwa maandishi yamefutika kwa kukwaruzwa na ukingo wa njia, uso wa mpira utasema wenyewe. Inama, weka tochi kwa upande ili mwangaza ulale juu ya kashata. Kwenye mpira wa kawaida utaona mifereji mitatu au minne mipana inayouzunguka mpira mzima, na kati yake mabapa makubwa yenye mikato michache. Kwenye stadilesi kila kashata imejaa chale zilizopinda pinda, zimesongamana, zote zikielekea upande mmoja kama uzi wa kofia iliyotungwa kwa mkono. Sukuma kashata moja kwa kidole gumba: kwenye stadilesi ambayo bado ni mbichi chale hufunguka na kufunga, na kashata inatikisika. Bonyeza kwa ukucha. Alama ya ukucha huingia kwa urahisi na hukawia kutoka. Kwenye mpira wa kawaida unabonyeza unaumia wewe.

Usiutegemee ukucha peke yake. Stadilesi iliyokaa juani miaka mingi hukakamaa, na ukucha hauingii tena. Hiyo isikufurahishe: ulaini umeondoka, na mifereji bado ni ile ile isiyoweza maji.

Hatua ya tatu: tarehe na kina

Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne za mwisho ndani ya kijiumbo cha yai ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 4118 ni wiki ya 41 ya mwaka 2018. Mara nyingi huwa upande mmoja tu wa mpira, na fundi akiufunga kwa kuugeuza huishia ndani. Basi lala chini uangalie, au subiri gari ipandishwe jeki. Watengenezaji wengi wanashauri mpira ukaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5, na usizidi miaka 10 hata kama unaonekana mzima. Kwa jua letu na hewa ya chumvi, mimi kwenye mvua siuamini mpira uliopita miaka 6. Chunguza nyufa ndogo kwenye shina la kashata na ubavuni.

Kwa kina, chukua kijiti cha kiberiti, kiweke juu ya rula, kitie alama ya kalamu kwenye milimita 3. Kichomeke ndani ya mfereji mkuu, kisimame wima. Alama ikizama, uko salama. Alama ikibaki nje, mpira huo haufai tena kwa masika, ingawa kiangazi ungeweza kuendelea nao kidogo. Kikomo kinachotumika katika nchi nyingi ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya kuonyesha kikomo hicho. Lakini milimita 1.6 ni mwisho kabisa, na kwenye maji mpira wa kina hicho ni sawa na kipara. Pima ndani, katikati na nje ya uso, maana mipira mingi huliwa upande mmoja pale alaimenti ya gari ikiwa imepotea.

Stadilesi ina vinundu vya ziada. Mbali na vile vya 1.6, viko vyengine virefu zaidi vinavyojitokeza mpira ukiwa umelika nusu, na ubavuni huwekwa vishale vya kuonyesha vilipo. Mjapani akifika hapo huuacha kwa kazi ya theluji, ingawa bado una milimita 4 au 5. Mpira wa namna hiyo ndio unaotuvutia tukiuona kibandani, kwa sababu kwa macho bado una maisha.

Na uwe macho na mpira uliochongwa upya. Mifereji yake ina kingo kali za kisu, kina chake hakilingani, na vile vinundu vya kikomo havionekani kabisa au vimekatwa. Aliyeuchonga amepunguza mpira uliokuwa unafunika nyuzi za ndani. Usiuchukue kwa bei yoyote.

Hatua ya nne: upepo

Hatua hii haina gharama, na inasaidia hata yule ambaye hatoweza kununua mipira mwaka huu.

Miaka ya 1960 watafiti wa NASA walichunguza kwa nini ndege hushindwa kusimama zinapotua kwenye njia yenye maji. Waligundua kwamba mwendo ambao mpira huanza kuelea kabisa unafuata upepo ulio ndani yake: upepo ukipungua, kuelea kunakuja mapema. Ukiitumia kanuni yao kwa mpira wenye upepo wa psi 32, unapata kiasi cha kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 20 unapata 74. Hiyo ni kwa mpira kipara kwenye maji ya kina, na ni kuelea kikamilifu. Mshiko wenyewe huanza kupotea mwendo ukiwa chini zaidi ya hapo. Lakini linaloonekana ni kwamba upepo peke yake unaweza kukuondolea kilomita 20 za usalama.

Kipimo sahihi cha gari yako kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni upande wa dereva, au kwenye nguzo ya mlango. Gari za Japani huandika kwa kPa: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi mpira ukiwa baridi, kabla hujakwenda hata kilomita mbili. Ukipima saa nane mchana baada ya kutoka Makunduchi, geji itakudanganya. Usimwambie fundi "tia tu kama kawaida". Mwambie nambari.

Ukitaka kuhakikisha, chora mstari wa chaki kukatiza uso wa mpira, endesha mita chache kwenye lami kavu, tazama chaki ilipofutika. Ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika kingoni tu, umepungua.

Ule mpira mwembamba wa akiba unaokuja na gari nyingi za Japani unataka 420 kPa, yaani psi 60, na haufai kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwenye mvua ninashauri nusu ya mwendo huo, na uutoe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: umefungwa kwa upande wake?

Baadhi ya mipira ina mshale ubavuni na neno ROTATION. Mshale lazima uelekee mbele. Mifereji ya mpira huo imechorwa kama ncha ya mkuki, ili maji yatoke katikati kwenda pembeni. Ukifungwa kinyume, unayakusanya maji katikati. Mingine imeandikwa OUTSIDE upande mmoja. Upande huo lazima uonekane nje. Kwenye vibanda vyenye haraka makosa haya hutokea sana, na kuyarekebisha ni dakika kumi kwa kila mpira. Simama hapo hapo uangalie kabla hujalipa.

Hatua ya sita: kubadilisha

Ukikuta minne ni ya theluji, badilisha minne. Najua maneno haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyalipa. Ikiwa fedha inatosha miwili tu, ifunge miwili bora nyuma, iwe gari inavutwa na mipira ya mbele au ya nyuma. Wengi hufanya kinyume, wakiona mbele ndiko kwenye sukani na breki nyingi. Lakini mbele ikiteleza, gari inakwenda moja kwa moja na wewe unalihisi jambo hilo kwenye sukani. Ukiachia mafuta mara nyingi hurudi. Nyuma ikiteleza, mkia unazunguka kabla hujatambua, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Ndiyo maana nilisema gari yenye ya kawaida mbele na ya theluji nyuma ni hatari zaidi: mbele inashika, nyuma haishiki, na kona moja yenye maji inatosha. Na kwenye ekseli moja usichanganye kabisa, wa theluji kulia na wa kawaida kushoto.

Unapokwenda kununua, sema unachokitaka kabla hujaonyeshwa kilichopo. "Fundi, nataka ya joto, si stadilesi, na nataka kusoma mwaka." Fundi mwenye kujua kazi yake atakuheshimu kwa hilo. Akikwambia "hii nzito, haiishi mwaka huu", mjibu kwa adabu kwamba huutafuti uzito.

Mipira mingi mipya huwa na neno TRACTION ubavuni na herufi baada yake. Hiyo ni daraja ya kusimama kwenye njia iliyorowa: AA ni ya juu kabisa, kisha A, B na C. Chukua A au AA. Karibu yake liko neno TEMPERATURE, ustahimilivu wa joto, A ikiwa ndiyo bora. TREADWEAR ni nambari ya kudumu, na wauzaji huipenda sana, lakini usikubali kudumu kukakula mshiko. Ukikuta karatasi ya Ulaya bado imebandikwa, tafuta kichoro cha wingu la mvua: A ni bora, E ni ya mwisho. Karatasi ya Japani hutumia herufi ndogo, a hadi d.

Baada ya kipimo tazama nambari ya uzito. Hili nawaomba wenye gari za abiria walisome mara mbili. Nambari 91 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615. Haisi nyingi zinataka 195/80R15 yenye 107/105, yaani kilo 975 kwa mpira uliofungwa peke yake. Mpira wa gari ndogo kwenye Haisi iliyojaa watu na magunia unachemka, unakunjika ubavu, na kwenye maji hauna nguvu ya kuuweka mfereji wazi. Usishuke chini ya kilichoandikwa mlangoni.

Mipira ikishafungwa, fanya balansi na alaimenti. Kilomita mia mbili za mwanzo nenda taratibu, khasa kukinyesha, kwa sababu uso wa mpira mpya una utelezi wa kiwandani ambao lazima utoke kwanza.

Mpaka siku utakapobadilisha

Ikiwa mvua imekukuta na stadilesi bado ziko chini ya gari, endesha kwa kulijua hilo.

Dakika za mwanzo za mvua baada ya jua la siku nyingi ndizo mbaya kuliko zote. Vumbi, mafuta ya injini na mchanga huchanganyika na maji kidogo na kuwa kama sabuni. Mvua ikipiga nusu saa njia husafika, mshiko hurudi kiasi. Njia za pwani kama Paje, Jambiani na Nungwi huongezewa mchanga mweupe unaoletwa na upepo na miguu ya gari. Jozani miti imefunika njia; lami hukaa na unyevu na majani hata baada ya jua kutoka, na kima punju huvuka bila kukuarifu, kwa hiyo matuta yaliyowekwa pale yaheshimu.

Pemba ni habari nyengine. Njia zinapanda, zinashuka na kupinda, na maji hushuka ubavuni mwa kilima yakiwa na udongo, yakaumwaga kwenye kona. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado kwenye unyoofu, si ndani yake. Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo. Ikiwa gari ni ya otomatiki, tumia L au 2, au B kama ipo.

Acha nafasi ya sekunde 4 baina yako na gari ya mbele. Chagua mti au nguzo; gari ya mbele ikiipita, hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka nne. Ukiifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Fuata alama za mipira ya gari iliyotangulia, maana pale maji yameshasukumwa.

Sukani ikiwa nyepesi ghafla na sauti ya injini ikapanda bila gari kuongeza mwendo, unaelea. Achia mafuta. Usishike breki, usikate sukani, ishike wima kuelekea unakokwenda. Sekunde moja au mbili, mpira utagusa njia tena. Ikiwa unalazimika kusimama na gari ina ABS, yaani breki zinazozuia mipira isijifunge, kanyaga kwa nguvu na usiachie hata pedali ikitetemeka chini ya mguu. Kule kutetemeka ndiko kufanya kazi kwake.

Mabonde ya mjini yanayojaa, kama upande wa Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikitokea masika ya mvua kubwa, usiyaingie kama huoni lami. Maji yanayofika katikati ya ringi yanatosha kulificha shimo na mtaro ulio wazi, na yakiwa na mkondo huisukuma gari ndogo. Geuza, zunguka, au subiri.

Mipira uliyoitoa

Usiiache kibandani bila ya kusema neno, maana wiki ijayo itakuwa kwenye gari ya mtu mwengine. Iliyo chini ya milimita 3 au yenye nyufa, mwambie fundi aitoboe ubavu kwa kisu mbele yako. Ile ambayo bado ina kashata wape wenye gari za ng'ombe. Kwa mwendo wa ng'ombe mpira wa theluji hauna madhara yoyote, hubeba mchanga na kuni vizuri, na utadumu miaka.